Urefu wa Waya Hupimwa kwa Njia, si kwa Macho: Somo kwa Mafundi na Wakulima wa Mwea

Mwea inajulikana kwa mpunga unaonyweshwa na maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, na tangu Bwawa la Thiba lizinduliwe mwaka 2022 mazungumzo mengi yamekuwa juu ya mifereji. Hata hivyo si kila shamba liko kando ya mfereji. Wakulima wengi wa nyanya, mishiri na mboga hutegemea visima na pampu, na siku hizi pampu nyingi zinaendeshwa kwa sola. Hapo ndipo swali la waya linapoanza: ninunue mita ngapi, na unene gani?

Swali hili linaonekana dogo, lakini lina gharama. Waya ukipungua mita mbili, fundi hulazimika kuunga katikati ya mtaro, na kiungo kibovu ndani ya udongo wenye maji ni hatari kwa watoto, kwa ng'ombe na kwa anayeingia shambani bila viatu. Waya ukizidi sana, pesa za mbolea zimelala kwenye roli. Na urefu ukikosewa kwenye hesabu, unene nao utakosewa, pampu ikose nguvu hata kama paneli ni mpya.

Somo hili linafundisha njia ileile inayotumiwa na programu za kompyuta za kuchora mafungu ya nyaya, yale ambayo mafundi wa magari huyaita hanesi. Ukiielewa, unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, na ukipata kompyuta utaweza kuikagua ikikosea.

1. Umbali si urefu

Tuchukue mfano wa shamba la nyanya, nyanya za kupelekwa soko la Kagio. Paneli ziko juu ya paa la stoo. Kidhibiti cha pampu kimefungwa ukutani ndani ya stoo. Kisima kiko ng'ambo ya shamba. Ukivuta tepu moja kwa moja kutoka stoo hadi kisima, ukikatiza juu ya nyanya, unapata karibu mita 30. Wengi huishia hapo, wakaenda dukani kuomba mita 30, au 35 "kwa usalama".

Lakini waya haupiti juu ya nyanya. Unapanda ukuta, unatoka nje, unashuka hadi mtaroni, unafuata kijia, unakata kona, unafuata ua, unapanda hadi mdomo wa kisima, kisha unashuka hadi pampu. Kanuni ya kwanza ni hii: pima njia ambayo waya utapita, kona kwa kona, wala usipime umbali kati ya mwanzo na mwisho.

2. Chora shina na matawi

Chukua karatasi, uchore njia kama mti. Kila mahali waya unapogeuka, unapogawanyika au unapoishia, weka alama na uipe herufi. Sehemu iliyo kati ya herufi mbili tuiite kipande. Sehemu inayopitwa na nyaya nyingi pamoja ni shina. Inayopitwa na chache ni tawi.

Katika shamba letu vipande ni hivi:

- A hadi B: kutoka kidhibiti, kupanda ukuta hadi tundu la kutokea nje: mita 2.4
- B hadi C: kushuka ukuta wa nje hadi ndani ya mtaro: mita 2.1
- C hadi D: mtaro kando ya kijia: mita 18.0
- D hadi E: mtaro kando ya ua: mita 23.5
- E hadi F: kutoka mtaroni hadi mdomo wa kisima: mita 1.0
- F hadi G: kushuka kisimani hadi pampu: mita 7.0
- F hadi K: kushuka kisimani hadi kihisi cha kiwango cha maji: mita 5.5
- D hadi H: mtaro wa pembeni hadi kwenye tangi: mita 6.0
- H hadi J: kupanda mnara wa tangi hadi swichi ya boya: mita 3.2

Kila kipande kinapimwa mara moja tu, hata kama kinapitwa na kebo tatu. Hii ndiyo faida ya mchoro: ukigundua kwamba kijia ni mita 19 badala ya 18, unasahihisha mahali pamoja na hesabu za kebo zote zinabadilika.

3. Jumlisha vipande kwa kila kebo

Sasa andika kila kebo inapita vipande gani.

Kebo ya pampu (A, B, C, D, E, F, G): 2.4 + 2.1 + 18.0 + 23.5 + 1.0 + 7.0 = mita 54.0

Kebo ya kihisi (A, B, C, D, E, F, K): 2.4 + 2.1 + 18.0 + 23.5 + 1.0 + 5.5 = mita 52.5

Kebo ya boya (A, B, C, D, H, J): 2.4 + 2.1 + 18.0 + 6.0 + 3.2 = mita 31.7

Tazama kebo ya pampu. Macho yaliona mita 30. Njia ni mita 54. Aliyenunua 35 "kwa usalama" amepungukiwa na mita 19.

4. Ongeza ziada, kila moja na sababu yake

Fundi mwenye mazoea huongeza asilimia kumi juu ya kila kitu. Ziada ya namna hiyo haina maana maalumu: kwenye kebo ndefu inazidi, kwenye fupi inapungua. Ni bora kila ziada iwe na jina.

*Ziada ya miisho.* Waya unahitaji nafasi ya kupangwa ndani ya kisanduku, kumenywa na kufungwa kwenye skrubu. Katika kidhibiti tuweke mita 0.3. Kwenye pampu na kwenye boya tuweke mita 0.5. Kwenye kihisi, mita 0.2.

*Ziada ya matengenezo.* Siku moja kiungo cha mdomo wa kisima kitakatwa na kufungwa upya. Acha mzingo wa mita 1.0 pale juu kwa kila kebo inayoingia kisimani.

*Ziada ya udongo.* Sehemu kubwa ya Mwea ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Kila mkulima anaujua: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa. Kebo iliyonyooshwa kama uzi wa kuanikia nguo itavutwa na udongo huo. Ilaze kwa mawimbi madogo ndani ya mtaro. Katika mfano huu tutaongeza asilimia 2 ya urefu wa mtaro peke yake.

Kebo ya pampu ina mtaro wa mita 41.5, na asilimia 2 yake ni 0.83. Jumla: 54.0 + 0.83 + 0.3 + 0.5 + 1.0 = 56.63. Nunua mita 57.

Kebo ya kihisi: 52.5 + 0.83 + 0.3 + 0.2 + 1.0 = 54.83. Nunua mita 55.

Kebo ya boya ina mtaro wa mita 24, ziada 0.48: 31.7 + 0.48 + 0.3 + 0.5 = 32.98. Nunua mita 33.

Hesabu ya kununua hukadiriwa kwenda juu daima. Waya uliozidi hukatwa, uliopungua haurefuki.

Kumbuka pia tofauti ya kebo na waya. Kebo hizi zina nyaya mbili ndani yake, chanya na hasi. Ukinunua waya mmoja mmoja badala ya kebo, mita 57 zinakuwa mita 114.

5. Urefu ndio unaochagua unene

Hapa ndipo somo lina uzito zaidi. Shaba hupitisha umeme vizuri, lakini haikosi ukinzani. Kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo unavyokula volti nyingi njiani. Kadiri ulivyo mnene ndivyo unavyokula chache. Hesabu yake ni rahisi:

Ukinzani = 0.0175 × urefu wa mita zote ÷ unene kwa milimita mraba

Volti zinazopotea = ukinzani × ampea

Maneno "mita zote" ndiyo yanayowapoteza wengi. Mkondo unaenda na waya chanya na kurudi na waya hasi. Kwa hiyo kebo ya mita 57 ni mita 114 za shaba.

Pampu yetu inatumia volti 48 na wati 480. Gawanya 480 kwa 48: ampea 10. Sasa tulinganishe unene:

- 2.5 mm²: ukinzani 0.798, volti 8.0 zinapotea, asilimia 16.6
- 4 mm²: ukinzani 0.499, volti 5.0, asilimia 10.4
- 6 mm²: ukinzani 0.333, volti 3.3, asilimia 6.9
- 10 mm²: ukinzani 0.200, volti 2.0, asilimia 4.2

Kanuni za Uingereza za BS 7671 hutumia kipimo cha asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Kanuni hizo zinahusu umeme wa gridi, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwa pampu ya sola. Tukikubali asilimia 5, kebo inayofaa ni ya 10 mm².

Sasa angalia makosa yanavyojificha. Mtu aliyepima mita 30 kwa macho, akasahau kwamba mkondo unarudi, atapata hivi kwa waya wa 2.5 mm²: 0.0175 × 30 ÷ 2.5 = 0.21, mara ampea 10 = volti 2.1. Hiyo ni asilimia 4.4. Karatasi inamwambia yuko salama. Ukweli wa shambani ni asilimia 16.6. Takriban wati 80 kati ya 480 zinaishia kuwa joto kwenye waya, na mkulima analalamika kwamba paneli hazina nguvu.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba waya wa 2.5 mm² unabeba ampea 10, na hasemi uongo: unabeba bila kuungua. Lakini swali la kebo ndefu ni volti ngapi zitafika upande wa pili. Pampu ya DC ikipata volti pungufu huzunguka polepole na kutoa maji kidogo. Mota ya AC yenye mzigo uleule, kama ya kinu cha mpunga, ikipata volti pungufu huvuta mkondo zaidi, ikapata joto, na mwishowe koili zikaungua.

Jua nalo lina sehemu yake. Shaba ikipata joto, ukinzani huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Waya wa nyuzi joto 50 una ukinzani unaozidi ule wa nyuzi 20 kwa karibu asilimia 12. Kwa kebo yetu ya 10 mm², volti 2.0 zitakuwa kama 2.2, bado chini ya asilimia 5. Ikiwa hesabu yako imefika 4.9 kamili, usijipongeze mapema.

6. Fupisha njia kabla ya kuongeza shaba

Kebo ya 10 mm² ina bei. Kabla ya kuinunua, rudi kwenye mchoro na uulize maswali mawili.

La kwanza: je, paneli na kidhibiti vinaweza kusogezwa karibu na kisima? Kebo ikipungua hadi mita 20, waya wa 4 mm² unapoteza volti 1.75 tu, yaani asilimia 3.6. Pima faida hiyo dhidi ya usalama wa paneli, maana paneli iliyo mbali na nyumba huenda isionekane asubuhi.

La pili, kama hujanunua pampu bado: je, iko ya volti nyingi zaidi? Pampu ya wati 480 kwa volti 96 inavuta ampea 5 tu. Kwa njia ileile ya mita 57 na waya wa 4 mm², hupotea volti 2.5, asilimia 2.6. Kidhibiti na paneli lazima vilingane nayo, na volti za juu zinahitaji uangalifu zaidi wakati wa kufunga.

7. Programu za kompyuta zinafanya nini

Viwanda vinavyotengeneza magari, matrekta na mashine za kuvuna mpunga hutumia programu kama SOLIDWORKS Electrical na E3.series ya kampuni ya Zuken. Mchoraji huweka njia ya fungu ndani ya mchoro wa mashine, na programu hujumlisha vipande kwa kila waya, huongeza ziada ya miisho, kisha hutoa orodha ya kununua na ya kukata. Mara nyingi hutoa pia mchoro wa ukubwa halisi, unaobandikwa juu ya ubao wenye misumari ili fungu lipangwe humo. Kazi ni ileile tuliyoifanya kwa kalamu.

Kijana mwenye kompyuta anaweza kuanza bila gharama. LibreOffice Calc inatosha: orodhesha vipande katika safu moja, kisha kwa kila kebo jumlisha vipande vyake na ziada zake. Kuna pia WireViz, programu huria ambayo unaiandikia viunganishi, nyaya na urefu, nayo inachora fungu na kutoa orodha ya vifaa. WireViz haipimi njia kwa niaba yako. Urefu unaupima wewe.

Makosa ya kuangalia katika programu yoyote ni manne.

*Vipimo kuchanganywa.* Mchoro wa mashine huwa katika milimita, duka huuza kwa mita. Waya wa 2,400 si mita 2,400.

*Waya usio na njia.* Ukisahau kupitisha waya ndani ya fungu, programu inaweza kuuhesabu kama sifuri au kama mstari ulionyooka. Kagua waya wowote ulio mfupi kuliko wenzake.

*Kona.* Programu hupima katikati ya fungu. Fungu la unene wa milimita 20 likikata kona ya robo duara, waya wa nje unasafiri takriban milimita 31 zaidi ya ule wa ndani. Kwenye shamba hilo ni dogo. Ndani ya taa ya mbele ya pikipiki ndilo linalovunja kiunganishi.

*Nyaya zilizosokotwa.* Jozi ya nyaya zenye kipenyo cha milimita 2.5, ikisokotwa mzunguko mmoja kila milimita 30, inahitaji waya zaidi kwa asilimia 3.4 hivi.

8. Kukata roli

Kata kebo ndefu kwanza. Kebo za kihisi na boya zinahitaji mita 55 na 33, jumla 88. Zinatoka zote kwenye roli moja ya mita 100, na mita 12 zinabaki. Fundi akianza kukata ovyo vipande vya kazi nyingine, anaweza kujikuta na mita 90 zilizobaki katika vipande viwili vya 45, na kebo ya mita 55 haitoki. Pima roli pia unapoinunua. Usitegemee maandishi ya karatasi peke yake.

Zoezi

1. Kinu cha mpunga kina mota ya nyaya tatu za fezi na moja ya ardhi. Vipande vya njia ni mita 3.2, 1.5, 8.3 na 0.9. Ziada ni 0.4 kwenye swichi na 0.6 kwenye mota. Kila waya ni mita ngapi, na zote pamoja?

2. Taa ya banda la kuku ni ya volti 12, wati 24. Kebo ni mita 20. Je, waya wa 1.5 mm² unabaki chini ya asilimia 5? Na wa 2.5 mm²?

*Majibu.* (1) Kila waya mita 14.9; zote nne mita 59.6. (2) Mkondo ni ampea 2, shaba ni mita 40. Waya wa 1.5 mm² unapoteza volti 0.93, asilimia 7.8: hautoshi. Wa 2.5 mm² unapoteza volti 0.56, asilimia 4.7: unatosha.

Kabla ya kununua na kufunga

- Tembea njia yote na tepu ukiwa na mtu wa kushika upande wa pili. Usipime kwa hatua.
- Andika mchoro, vipande na ziada kwenye karatasi moja, uiache ndani ya kisanduku cha kidhibiti. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atajua waya umelala wapi, na jembe halitaukuta.
- Nunua kebo yenye alama ya ubora ya KEBS, na iliyotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa au kuzama majini pale inapohitajika.
- Usiweke kiungo ndani ya mtaro kama unaweza kukiepuka. Kipimo sahihi ndicho kinga ya kwanza.
- Kazi ya kufunga umeme na sola hufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni, na umwombe pia akuonyeshe hesabu yake ya urefu. Fundi mzuri hatakasirika.

Vijana wanaotaka kuendelea na somo hili wanaweza kuuliza kozi za umeme katika vyuo vya ufundi stadi vya kaunti vilivyo karibu nao.